Robo Kilo

Kuna aina ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaipa jina, pengine kwa sababu hawaioni kuwa maandishi. Ni masimulizi ya mtu anayeiandaa baiskeli yake ya milimani kwa ajili ya mbio. Mengi huandikwa kwa Kiingereza, na hadithi yake haibadiliki sana. Mbio zimebaki wiki sita. Mwandishi anaitazama baiskeli aliyoipenda mwaka jana na kuiona imechoka. Anaanza kuagiza vifaa vya bei kali, kimoja kimoja. Kila kifaa kikifika anakiweka juu ya mzani wa jikoni, anakipiga picha, anatuandikia gramu zake. Usiku wa kuamkia mbio baiskeli inaegemezwa ukutani, inang'aa, na sisi tunaalikwa kuitazama. Mbio zenyewe hupewa aya mbili. Wakati mwingine hazipewi hata moja.

Ukiyasoma mengi kwa mfululizo, kama nilivyoyasoma mwaka huu, unaanza kuhisi kwamba hadithi hii umewahi kukutana nayo mahali pengine. Ni hadithi ya bibi harusi. Kuna kusingwa, kuna hina, kuna wageni wanaoingia chumbani kutazama na kutoka wakishangilia. Ndoa yenyewe, yaani ile miaka thelathini ya kuishi pamoja, hakuna anayeiulizia.

Sisemi hivyo kwa dharau. Kumpamba shujaa kabla ya pambano ni jambo la kale katika fasihi. Homer alitumia mistari mingi ya Iliad kueleza jinsi ngao ya Achilles ilivyofuliwa, na hakuna msomaji mwenye akili zake anayelalamika. Tofauti ni kwamba kwa Homer, baada ya ngao kuna vita, na katika vita hiyo ngao inafanya kazi. Katika masimulizi ya baiskeli, mapambo yamekula vita. Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanzia.

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na sikuyafikia maandishi haya kupitia orodha ya vitabu vya darasani. Niliyafikia kupitia Kiruruma. Kwetu ni huko, Karagwe: vilima juu ya vilima, migomba, mibuni chini ya migomba, na njia za vumbi jekundu ambazo mvua ikinyesha zinageuka utelezi. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Kagera, ni Rwanda. Kyerwa, ambayo tangu 2012 ni wilaya yake, ilikuwa sehemu yetu, na kwa mwendesha baiskeli mpaka wa wilaya hizi mbili hauna maana yoyote, kwa sababu kilima hakiishi pale ramani inapokatika.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ana miaka ishirini na miwili na anabeba ndizi kwa baiskeli ya Phoenix hadi sokoni Omurushaka. Ana miguu. Sisemi hivyo kwa upendeleo wa ndugu. Wenzake wanaobeba naye wanamwachia njia. Mwaka huu alitaka kushiriki mbio za baiskeli huko Mwanza, na kwa miezi kadhaa alikuwa akinitumia kwa simu maandishi ya namna niliyoieleza, akiomba nimfafanulie maneno magumu. Nikawa mkalimani wa gramu. Mwishoni akaniuliza swali ambalo darasa langu lote la nadharia halijawahi kuuliza kwa ufupi namna ile: "Kaka, wewe ndiye uliyesoma. Niambie ukweli. Ni baiskeli, au ni mtu?"

Halikuwa swali la kupitisha muda. Alikuwa amepata mtu wa kumpa fedha taslimu kwa kahawa yake iliyokuwa bado maua mtini. Kagera tunaiita butura: unauza leo, kwa bei ya mwenye shida, kahawa utakayoivuna miezi ijayo, na siku ya mavuno anayekuja na magunia ni mwingine. Serikali imeipiga marufuku na kuikemea mara nyingi, lakini shida haisomi matangazo. Mdogo wangu alikuwa tayari kuingia butura ili anunue vifaa. Kwa hiyo maandishi yale, ambayo kwa mwandishi wake ni burudani ya mwisho wa wiki, kwetu yalikuwa yamefika shambani na kusimama chini ya mbuni.

Tuanze na jibu ambalo masimulizi yenyewe yanatoa: ni baiskeli. Hayasemi hivyo waziwazi, ila mzani wa jikoni unasema kwa niaba yake. Tuchukue mfano mmoja wanaoupenda, gia za nyuma. Seti ya SRAM ya daraja la juu iitwayo XX1 Eagle ina uzito wa takriban gramu 360. Seti ya daraja la chini ya kampuni ile ile, NX Eagle, ina takriban gramu 615. Zote zina gia kumi na mbili. Bei ya ile ya juu ni mara kadhaa ya ile ya chini. Kinachonunuliwa kwa tofauti hiyo, ukiacha uimara na ulaini wa kubadilisha gia, ni gramu 255, yaani robo kilo na ushee. Nyumbani hiyo ni sukari ya siku mbili tatu.

Robo kilo ina thamani gani katika mbio? Hesabu yake si ngumu. Unapopanda mlima mkali, sehemu kubwa ya nguvu yako inakwenda kwenye kuuinua uzito wote, wewe pamoja na baiskeli. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 11 anainua kilo 71. Ukimpunguzia robo kilo, umempunguzia kama asilimia 0.35. Kwenye mlima wa kupanda saa nzima bila kushuka hata mara moja, hiyo ni kama sekunde kumi na tatu. Kwenye njia halisi, yenye kupanda na kushuka, ni chini ya hapo. Kwa bingwa wa dunia sekunde kumi na tatu ni medali. Mwaka 2012 katika Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alimshinda Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja tu. Kwa anayeandika baada ya kumaliza wa mia mbili na kitu, sekunde hizo ni muda wa kunywa maji.

Mbio hizo hizo za London zina jambo jingine ambalo waandishi wa mzani hawapendi kulikumbuka. Aliyepata shaba, Marco Fontana wa Italia, alivunjikiwa na nguzo ya siti kwenye mzunguko wa mwisho. Siti ilianguka njiani. Alimaliza akiwa amesimama juu ya pedali, na akabaki wa tatu. Baiskeli yake ilikuwa ya kiwango cha juu kabisa duniani, na sehemu iliyovunjika ilikuwa ile ambayo kazi yake ni kumkalisha mtu.

Mtu anaweza kusoma kisa cha Fontana na kurukia jibu la pili: basi ni mtu, baiskeli si kitu. Jibu hili ni tamu zaidi, na lina kitabu chake. Mwaka 2000 Lance Armstrong alichapisha wasifu wake, akisaidiwa na mwandishi Sally Jenkins, na kuuita It's Not About the Bike, yaani jambo si baiskeli. Kilisomwa duniani kote. Kilimhusu mtu aliyepona saratani na kurudi kushinda Tour de France, na mamilioni walikipokea kama ushahidi kwamba moyo unatosha. Mwaka 2012 Armstrong alivuliwa mataji yote saba kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na mwanzoni mwa 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni mbele ya Oprah Winfrey. Kwa hiyo jina la kitabu lilikuwa kweli kwa namna ambayo mwandishi hakukusudia tuijue. Jambo halikuwa baiskeli. Wala halikuwa moyo. Kifaa cha bei kali kilichoongezwa kabla ya mbio kilikuwa ndani ya damu.

Nakitaja kitabu hicho kwa sababu hotuba yake bado iko hai kwetu. Kila anayetaka kumnyima kijana wa kijijini kifaa humpa sifa badala yake. Tunaambiwa tuna vipaji, tuna mapafu ya nyanda za juu, tumekulia milimani. Aliyepewa baiskeli haambiwi ana mapafu. Rudi kwenye hesabu ile ile uone. Phoenix ina kilo kama 20. Mtu wa kilo 60 akiipanda anainua kilo 80. Mhamishie kwenye baiskeli ya kawaida tu ya gia, ya mtumba, yenye kilo 12, na atakuwa anainua kilo 72. Hiyo ni asilimia kumi. Kwenye mlima wa saa moja ni dakika sita, na hapo bado sijaongeza kwamba Phoenix ina gia moja tu, hivyo mlima ukikaza unashuka na kusukuma. Anayemwambia mdogo wangu kwamba baiskeli si kitu anamwomba atoe zawadi ya dakika sita kwa kila saa, halafu amshukuru kwa kutiwa moyo.

Hapo ndipo naona kosa la majibu yote mawili, na ni kosa la kifasihi kabla ya kuwa la kimichezo. Kila jibu linachagua mahali pabaya pa kusimama. Kifaa kina maana kubwa kabisa pale ambapo hakuna anayekiandikia, kwenye hatua ya kutoka kwenye kilo 20 kwenda kwenye 12, kutoka kwenye gia moja kwenda kwenye gia kumi, kutoka kwenye breki zinazolia kwenda kwenye breki zinazoshika. Kina maana ndogo kabisa pale ambapo kurasa zimejaa, kwenye ile robo kilo ya mwisho. Wino umemwagwa pasipo na kiu.

Filamu ya Rising from Ashes, iliyotoka 2012, ilikuwa na nafasi ya kurekebisha hilo. Iliongozwa na T.C. Johnstone na kusimuliwa kwa sauti ya Forest Whitaker. Inaeleza jinsi Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alivyokwenda Rwanda kufundisha timu ya taifa ya vijana walionusurika mauaji ya kimbari, na inamfuata kwa karibu Adrien Niyonshuti katika safari yake ya kuelekea London. Niyonshuti ni mtu wa Rwamagana, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Alipoteza kaka zake sita mwaka 1994. London alibeba bendera ya Rwanda siku ya ufunguzi, kisha akashindana kwenye mbio zile zile za Kulhavý na Fontana, na kumaliza wa 39.

Ni filamu yenye heshima. Inatazama nyuso bila haraka, na inaelewa kwamba mtu anaweza kupanda baiskeli ili asiketi na kumbukumbu zake. Lakini muundo wake ni wa mgeni kufika, na muundo huo una gharama. Mgeni akiwa ndiye mwanzo wa hadithi, baiskeli nayo inakuwa kitu kinachoshuka kutoka juu. Mtazamaji asiyejua anaweza kuondoka akidhani kwamba kabla ya hapo kulikuwa na vumbi tu. Ukweli ni kwamba mbio za kuzunguka Rwanda zilianza 1988. Ukweli ni kwamba pande zote za maziwa haya watu walikuwa wakichonga baiskeli za mbao na kuteremsha nazo mizigo, na Goma wameiheshimu chukudu kiasi cha kuijengea mnara. Mtu aliyetengeneza chukudu ameshajibu maswali ya uzito, mwinuko, breki na mzigo. Kamera inapomtazama, humtazama kama mandhari.

Nilimwona mtu wa namna hiyo Omurushaka, nilipokwenda nyumbani likizo. Ni fundi wa baiskeli mwenye karai la maji la kutafutia pancha, gundi, nyundo, na spana chache zilizolika kingo. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya fremu ya nyuzi za kaboni, nikamweleza kwamba ni nyepesi kuliko ya chuma na bei yake ni ya kununulia pikipiki.

"Shikamoo fundi, hii unaionaje?"

"Marahaba. Waitu, ni nzuri," akasema, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Sasa ikipasuka nachomelea na nini?"

Huo ni uhakiki wa vifaa, na ni mkali kuliko mwingi niliousoma. Fundi hakuuliza kifaa kina gramu ngapi. Aliuliza kikishindwa, kitashindwa mikononi mwa nani. Ukilichukua swali hilo na kulipitisha kwenye vifaa vingine vya bei kali, mengi yanajitokeza ambayo picha ya mzani haiyaonyeshi. Tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya maji ndani inayoziba matundu madogo, ni jambo la maana kweli kwenye njia za miiba. Lakini dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache na inatakiwa kuongezwa, na Karagwe sijaiona dukani. Mnyororo wa gia kumi na mbili ni mwembamba kiasi kwamba ukikatika haugongwi kwa nyundo ukarudi. Gia zisizo na waya zinahitaji betri iliyochajiwa. Kila kimoja kati ya hivyo ni kizuri, ila kila kimoja kina mkia mrefu wa maduka, posta na umeme ambao mwandishi wa Ulaya haulazimiki kuutaja kwa sababu umemzunguka kama hewa.

Nilipokaa pale kwa fundi ndipo nilipogundua pia kwamba Kiruruma tunayo masimulizi yetu ya kuboresha baiskeli, ila yanakwenda kinyumenyume. Phoenix ikitoka dukani si baiskeli bado. Inapelekwa kwa fundi. Foku inaongezewa vyuma pembeni ili isijikunje. Karia ya dukani inatolewa, inachomelewa nyingine ya nondo, pana, ya kukalisha mikungu. Spoki nyembamba zinabadilishwa kwa nene. Vipande vya tyubu kuukuu vinafungwa tayari kwa kukazia mzigo. Baiskeli inarudi nyumbani ikiwa nzito kuliko ilivyokwenda, na mwenyewe anaipokea kwa fahari. Kwa wale wa mzani wa jikoni, kuboresha ni kupunguza. Kwetu, kuboresha ni kuongeza. Hakuna kati yetu aliyekosea. Wao baiskeli yao inabeba mtu mmoja na saa ya mkononi. Yetu inabeba ndizi za kulipia ada, na mara nyingi mwenyewe hayuko juu yake bali pembeni, anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekumbatia mzigo.

Mtu mmoja alizielewa pande zote mbili, na ndiyo maana kisa chake kinanivutia kuliko filamu. Tom Ritchey wa California ni miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa baiskeli za milimani, na jina lake linahusishwa na fremu nyepesi na vifaa vyepesi. Alipofika Rwanda mwaka 2005 na kuona jinsi kahawa inavyosafirishwa, hakubuni kitu chepesi. Alibuni baiskeli ya kahawa: ndefu nyuma, imara, yenye gia, ya kubebea magunia kuyafikisha kwenye mitambo ya kuosha kahawa kabla tunda halijaharibika. Bwana wa wepesi alitengeneza uzito, kwa sababu alianza na mzigo badala ya mzani.

Na Ritchey alikuwa na sababu ya kuelewa, kwa kuwa baiskeli ya milimani yenyewe ilizaliwa hivyo. Miaka ya sabini, kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, vijana waliokota baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya thelathini na arobaini, nzito kama Phoenix, wakaanza kuzifunga vipande vya baiskeli nyingine na vya pikipiki. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianzisha mbio za kuteremka mlima karibu na Fairfax. Njia hiyo iliitwa Repack, kwa sababu breki za ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua yote, na ukifika chini ulilazimika kufungua na kujaza grisi upya. Charlie Kelly, aliyeziandaa mbio hizo, ameeleza habari zake katika kitabu cha Fat Tire Flyer cha mwaka 2014.

Nakiweka kitabu cha Kelly juu ya masimulizi yote niliyoyataja. Katika dunia anayoieleza, kifaa kinafika kwa sababu kingine kimevunjika. Breki zinabadilishwa kwa kuwa mtu alikaribia kuingia mtini. Fremu mpya inachomelewa kwa kuwa ya zamani ilipasuka. Mbio zinakuja kwanza, zinafundisha, kisha fundi anajibu. Huko shujaa anavaa silaha akiwa tayari na majeraha, na kila kipande cha chuma kina habari ya kusimulia. Masimulizi ya siku hizi yameugeuza mpangilio huo: kifaa kinafika kabla ya tatizo lake, na mwandishi anabaki kulitafuta tatizo la kukistahili. Ndiyo maana anakimbilia gramu. Gramu ni tatizo ambalo kila kifaa kinalo.

Fundi wa Omurushaka na vijana wa Repack hawajuani, lakini wanaandika kitabu kimoja. Anayechomelea nondo kwenye Phoenix yuko karibu zaidi na chimbuko la baiskeli ya milimani kuliko anayefungua boksi la kifaa sebuleni. Kinachomkosesha ukurasa ni kwamba hajui kuwa anachokifanya ni historia, na sisi tunaojua kuandika tumekaa tukitafsiri ya wenzetu.

Sasa lile swali. Baiskeli au mtu? Nilimjibu mdogo wangu kwamba swali limekatwa vibaya. Ni mtu, pamoja na baiskeli anayoweza kuitengeneza, pamoja na mbio za kutosha za kujifunzia. Niyonshuti hakufika London kwa mapafu tu. Alihitaji baiskeli, kocha, viza, na miaka ya kushindana na watu waliomzidi, na baadaye Rwamagana akaanzisha shule ya baiskeli, kwa kuwa alijua ni kitu gani hasa kilichokuwa kimepungua. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Safari hiyo haikuanzia kwenye kaboni.

Tukakaa na fundi tukapanga. Baiskeli ya gia ya mtumba, fremu ya chuma, kwa sababu chuma kinachomeleka. Tairi mpya mbili, hapo tusibane fedha, maana ndizo zinazogusa ardhi. Mipira mipya ya breki na waya zake. Mnyororo mpya, na gia zilizoliwa meno zibadilishwe pamoja nao, la sivyo mmoja utamla mwenzake. Gololi zioshwe, grisi ijazwe upya, kama kule Repack. Jumla ilipatikana kwa akiba yake ya ndizi na mchango wa nyumbani, na kahawa ikabaki mtini kwa jina lake. Foku yenye shokapu ya kisasa haikuwemo. Siti ilibaki ile ile iliyopasuka ngozi. Hakuna kilichowekwa juu ya mzani wa jikoni, maana jikoni kwetu hakuna mzani.

Sipendekezi tuache kuandika kuhusu vifaa. Natamani tuandike zaidi, na kwa tamaa ile ile ya undani waliyonayo wenzetu, hadi unene wa spoki na rangi ya grisi iliyoungua. Ila kila kifaa kije na habari zake zote: kilikuja kutibu nini, kilipovunjika nani alikishika, na fedha yake ilitoka wapi. Mwandishi wa robo kilo akituambia pia alichokiuza ili aipate, nitamsoma hadi mwisho, hata kama mbio zake atazipa aya mbili tu.